Kiwanda cha chuma cha Mantasoa: maji yalikuwepo, watu walilazimishwa

Kwenye mabishano ya vijana wa unif kuko neno moja linarudiaga kila mara: Afrika haikujua kiwanda mbele ya koloni, na kama tungekuwa na umeme na masini za kutosha, leo tungekuwa mbali. Nusu ya kwanza ya neno hilo si kweli. Nusu ya pili inaomba tuiangalie vizuri, juu wengi wetu tumeibeba kama dini.

Naomba basi tutoke kidogo Goma, tuvuke Tanzania na bahari, mpaka Madagaska. Karibu kilometa 60 mashariki ya mji mkuu Antananarivo, kwenye vilima vya baridi vinavyofanana kidogo na vya kwetu, kuko fasi inaitwa Mantasoa. Pale bado linasimama tanuru kubwa la mawe. Halikujengwa na kampuni ya kikoloni. Lilijengwa kwa amri ya malkia Mwafrika, Ranavalona wa 1, kwenye miaka ya 1830 na 1840. Mkutano wa Berlin ulikuja miaka kama 40 nyuma yake, na Stanley mwenyewe alizaliwa 1841. Na tanuru hilo lilikuwa linapuliziwa hewa kwa nguvu ya maji.

Mbele ya kuingia kwenye hadithi, tuelewane kwanza juu ya maji. Maji na chuma vinahusiana nini?

Wazee wetu wa Maziwa Makuu walijua kutoa chuma toka zamani sana. Mwisho wa miaka ya 1950, Jean Hiernaux na Emma Maquet waliandika juu ya mabaki ya enzi ya chuma ya Ruanda-Urundi na Kivu, na tangu pale matanuru mengi yamechimbuliwa Rwanda na Burundi, mengine ya zaidi ya miaka 1,500, mengine yakiwa na matofali yaliyochorwa kwa vidole. Upande wa Bukoba, Tanzania, Peter Schmidt alifanya kazi na wazee Wahaya ambao bado walikumbuka namna ya kuyeyusha. Mwaka 1976 wazee hao walijenga tanuru, wakaliwasha, na chuma kikatoka. Rwanda, nyundo ya mhunzi ilikuwa kati ya alama za ufalme wenyewe. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba chuma kilishuka kutoka kwenye meli.

Lakini ile njia ya wazee ilikuwa na mpaka wake. Chuma safi kinayeyuka kwenye digrii 1,538. Tanuru la udongo halikufika huko, na halikuhitaji kufika. Makala inafanya kazi mbili: inaleta moto, na inanyang'anya oksijeni kutoka kwenye jiwe la chuma. Kwenye digrii 1,200 hivi, uchafu wa jiwe unayeyuka na kushuka chini, na chuma kinabaki kama donge lenye matundu, mfano wa eponji. Donge hilo mhunzi analipiga nyundo, analirudisha motoni, analipiga tena, mpaka uchafu unatoka. Kinachopatikana ni chuma kizuri sana: jembe, shoka, mkuki, kisu. Hewa inatoka kwenye mivukuto ya ngozi inayosukumwa na vijana wakibadilishana, wakiimba, mpaka kazi inaisha. Kisha tanuru linapoa, watu wanaenda kulala.

Sasa, chuma hicho huwezi kukimimina. Mzinga wa vita haufuliwi kwa nyundo, unamiminwa kwenye kalibu. Ili chuma kitiririke kama uji, unahitaji tanuru refu zaidi, na hewa yenye nguvu isiyokatika, mchana na usiku, kwa wiki nyingi. Hapo chuma kinakaa na makala muda mrefu mpaka kinakunywa kaboni karibu 4 kwa 100, na chuma chenye kaboni namna hiyo kinayeyuka kwenye digrii 1,150 hivi. Mikono ya watu haiwezi kupuliza hivyo. Maji yanaweza. Unaziba mto, unachimba mfereji, maji yanaangukia gurudumu, gurudumu linazungusha mti mkubwa, na ule mti unasukuma mivukuto. Maji hayachoki, hayaombi mushahara, hayaimbi.

Ulaya walianza hivyo mwisho wa karne ya kati, na China walitumia maji kupuliza matanuru mbele yao kwa zaidi ya miaka 1,000. Kwa hiyo Mantasoa haikuvumbua kitu. Uzito wake uko pengine: ni nani aliamua kuileta, na ni nani aliilipa.

Waalimu wa zamani walimchora Ranavalona kama mama mkali wa damu tu, na ni kweli utawala wake (1828 mpaka 1861) uliua watu wengi. Lakini angalia hali yake. Mwaka 1817, Radama wa 1, aliyemtangulia, alifanya mkataba na Waingereza wa Morisi: yeye anasimamisha biashara ya kuuza watumwa nje, wao wanamlipa kila mwaka, na kwenye malipo hayo kuko bunduki na baruti. Ranavalona alipochukua kiti alivunja mkataba ule, na bunduki za Waingereza zikakatika. Mwaka 1829 meli za Wafaransa zikapiga Tamatave kwa mizinga. Malkia akaelewa kitu ambacho serikali nyingi za leo hazijaelewa: yule anayekuuzia silaha ndiye anayeamua siku yako ya mwisho. Akataka za kwake, zitengenezwe kwake.

Mmoja wa waliotumia maji pale mapema alikuwa James Cameron, fundi wa misheni ya London, aliyefika 1826. Ziwa Anosy, lile ambalo watalii wanapiga nalo picha katikati ya Antananarivo, yeye njo alilitengeneza ili maji yaendeshe kinu cha baruti. Lakini malkia alipoanza kubana dini ya kikristo, Cameron aliondoka, 1835. Fundi akaenda, ziwa likabaki.

Wakati ule kulikuwa tayari na Mfaransa mmoja, Jean Laborde, aliyezaliwa mji wa Auch mwaka 1805. Hakuja kama mjumbe wa mtu. Meli yake ilivunjika kwenye pwani ya Madagaska 1831. Mfanyabiashara Mfaransa aliyekuwa pale, Napoléon de Lastelle, alimpokea na kumpendekeza kwa malkia. Laborde hakuwa enjinia wa shule kubwa. Inasimuliwa kwamba ujuzi mwingi aliutoa kwenye vitabu vya Roret, vile vitabu vya Kifaransa vya kufundisha ufundi wa kila aina, namna ya kutengeneza sabuni, kioo, saruji. Hapo wale wa lisansi tuliosoma kwa fotokopi tupumue kidogo.

Alianzia Ilafy, karibu na mji mkuu. Maji hayakutosha, miti hayakutosha. Akatafuta fasi yenye vitu vitatu pamoja, mto unaoshuka, jiwe la chuma, na pori, akavipata Mantasoa. Kazi ilianza pale mnamo 1837. Kwa miaka iliyofuata kilizaliwa kijiji kizima cha viwanda: mizinga, bunduki, baruti, kioo, vyombo vya udongo, sabuni, matofali, vigae, hariri, vyuma vya kuzuia radi. Alifuga kondoo kutoka nje na kujaribu mimea mipya, na hapo sisi wa agro tunamtambua ndugu. Malkia alikuwa na nyumba yake pale ya kupumzikia.

Na usifikiri alikuta watu wasiojua chuma. Imerina ilikuwa na wahunzi wake wengi, hasa eneo la Amoronkay. Mivukuto yao ilikuwa ya magogo mawili yaliyotobolewa, yamesimama, ndani mnapanda na kushuka kitu kama pistoni, namna iliyokuja na mababu wao kutoka upande wa Indonesia. Walikuwa wanauza majembe sokoni mbele ya Laborde, na waliendelea nyuma yake. Hilo lishike, tutalirudia.

Sasa tufike kwenye hesabu ambayo sifa za Laborde zinairukaga.

Nilisema maji hayaombi mushahara. Ni kweli, lakini maji yanafanya kazi moja tu, ya kupuliza. Kila pumzi ya mvukuto inakula makala. Na tanuru refu la namna ile halizimwi ovyo: likipoa likiwa limejaa, chuma kinaganda ndani na unabaki na jiwe moja kubwa ambalo dawa yake ni kulibomoa. Kwa hiyo likiwashwa, linalishwa usiku na mchana. Fanya hesabu ya kishamba. Tanuru la kuchomea makala la udongo, kama yale tunaonaga njia ya Masisi, kwenye kilo 100 za mti mkavu linakupa kilo 10 mpaka 20 za makala. Zingine ni moshi. Kwa hiyo nyuma ya kila kikapu cha makala kinachoingia kwenye tanuru kuko vikapu vingi vya miti, na nyuma ya miti kuko mtu mwenye shoka, mwingine wa kukesha akilinda moto, mwingine wa kubeba kichwani. Maji yaliokoa mikono ya vijana wa mvukuto, na palepale yakaita mikono mara nyingi zaidi porini. Tanuru la mzee wa kijiji lilikuwa linakula siku chache kisha linashiba. Lile la Mantasoa halikushiba hata siku moja.

Nani alilisha? Kwenye ufalme wa Imerina kulikuwa na kazi ya lazima inaitwa fanompoana: raia huru anamtumikia mfalme bila malipo. Zamani ilikuwa kazi ya siku kadhaa, ya kujenga ukuta, kulima shamba la mfalme, kitu ambacho mtu anakifanya na kurudi nyumbani. Kwa jeshi na viwanda ikageuka. Hesabu inayotajwa zaidi na wanahistoria ni ya watu 20,000 walioitwa kujenga Mantasoa, na zaidi ya elfu moja wakabaki kwenye viwanda vyenyewe kama kazi ya kudumu. Bila mushahara. Chakula, wajitafutie. Vijiji vya karibu na pori vilipewa mzigo wa makala. Na kitu cha ajabu: mtumwa alikuwa mali ya bwana wake, fanompoana haikumhusu moja kwa moja. Yule huru njo alikamatwa. Watu wengi walikimbia, wakajificha misituni mbali na mkono wa serikali, na mashamba ya mpunga yakabaki bila mikono.

Sisi Wakongomani hatuhitaji kueleweshwa sana hapo. Wazazi wetu wanakumbuka salongo ya Mobutu, ile kazi ya "maendeleo" iliyoletwa kwenye miaka ya 1970: jina zuri, na polisi nyuma yake. Na nyuma zaidi, kuko kitu kinachogusa fani yangu mwenyewe. Mwaka 1917 serikali ya Ubelgiji ilitia sheria ya mashamba ya lazima. Kila mwanamume wa kijiji anadaiwa siku 60 kwa mwaka za kulima kile ambacho serikali imechagua, pamba hapa, mpunga kule, na wakati wa vita, 1942, zikafika 120. Aliyekuja kupima shamba na kuandika majina ya wavivu, mbele ya fimbo na jela, alikuwa agronomu. Mzee akisikia leo "agronomu amekuja" na akaingia ndani ya nyumba, si ujinga. Ni kumbukumbu. Mbegu zilizoletwa na watu wale zingine zilikuwa nzuri kweli, zimepimwa, zinazaa. Na vijijini walizichemsha mbele ya kuzipanda ili zisiote. Hilo la kuchemsha mbegu za pamba limesimuliwa sehemu nyingi za Afrika ambako watu walilazimishwa kulima, na mimi naliona kama ndugu wa kile kilichotokea Mantasoa.

Tufike basi kwenye 1857.

Laborde alikuwa tajiri na rafiki mkubwa wa mtoto wa malkia, Rakoto. Mwaka 1855 mfanyabiashara mwingine Mfaransa, Joseph-François Lambert, alimfanya mwana huyo atie sahihi karatasi ya ajabu: kampuni ya Lambert inapewa haki ya kuchimba madini ya nchi na kulima ardhi yote isiyolimwa. Mtu wa Kivu akisoma hiyo, moja kwa moja anaona CNKi, Comité National du Kivu ya 1928, na ile "ardhi isiyo na mtu" ambayo daima ilikuwa na watu. Miaka miwili nyuma ya karatasi ile, Lambert, Laborde na wenzao wakapanga kumwondoa malkia na kumweka Rakoto kwenye kiti. Ida Pfeiffer, yule mama Mwaustria aliyezunguka dunia, alikuwa pale kama mgeni wa Lambert na akaandika aliyoyaona. Njama ikajulikana. Julai 1857 Wazungu wakafukuzwa nchini, Laborde pamoja nao.

Na hapo njo wafanyakazi wa Mantasoa waliingia viwandani na kuvunja masini.

Wengine wanasomaga tukio hilo kama uthibitisho kwamba "watu wetu hawajui kulinda vitu". Mimi nakataa. Jiulize ungekuwa wewe: miaka 20 unalisha tanuru bila kulipwa, mtoto wako anarithi kazi hiyohiyo, na bunduki zinazotoka pale zinapewa askari wanaokuja kukukamata ukikimbia. Siku bwana wa masini anaondoka, utaipaka mafuta? Watu wale hawakuwa na chuki na chuma. Wahunzi wa Amoronkay waliendelea kufua majembe yao kama kawaida, juu jembe lilikuwa lao na bei yake ilikuwa yao. Kilichovunjwa ni kile ambacho hakikuwa cha mtu pale.

Kuko na hoja ya upande mwingine, na ni nzito, siwezi kuipita. Unaweza kusema: Uingereza nayo ilijenga viwanda kwa jasho la watoto na wanawake, na leo imefika. Bila kulazimisha, malkia angepata wapi pesa ya kulipa maelfu ya watu, na Wafaransa wako baharini wanasubiri? Mwaka 1845 Waingereza na Wafaransa walikuja pamoja kupiga Tamatave, wakarudishwa, na vichwa vya askari wao vikawekwa juu ya miti pwani. Ufalme ule haukuwa unaota hatari, ilikuwepo. Nakubali. Lakini mfanyakazi wa Manchester, hata akilipwa kidogo kwa aibu, Jumamosi alikuwa na senti ya kununua mkate na kitambaa, na kwa senti hizo kiwanda kingine kikapata wateja. Mfanyakazi wa Mantasoa hakununua chochote. Sabuni ile, kioo kile, hariri ile, ilikuwa ya nyumba ya malkia na wakubwa. Kwa hiyo hata hesabu ya pesa haikusimama: kiwanda chenye mteja mmoja, na mteja mwenyewe ndiye serikali, kinakufa siku serikali inageuza uso.

Mwisho wa hadithi ni mchungu. Malkia alikufa 1861. Rakoto akawa Radama wa 2, akamrudisha Laborde, safari hii kama konsuli wa Ufaransa. Masini hazikufufuka. Radama akathibitisha karatasi ya Lambert 1862, na Mei 1863 wakubwa wa jeshi wakamuua. Serikali mpya ikaifuta karatasi, na Ufaransa ikadai fidia: faranga 1,200,000, nchi ikalipa. Laborde alikufa Desemba 1878 na akazikwa Mantasoa, kwenye kaburi la mawe ambalo bado liko pale. Wapwa wake wakadai mali zake, ardhi na nyumba. Serikali ya Madagaska ikajibu kwamba ardhi ya kisiwa haiuzwi kwa mgeni, ikaitia kwenye sheria 1881. Ufaransa ikashika neno hilo kama moja ya sababu za kuanzisha vita, 1883 mpaka 1885, na mwisho wake deni jingine, faranga milioni 10. Mwaka 1895 jeshi la Ufaransa likapanda mpaka Antananarivo. Askari wao karibu 6,000 walikufa njiani, karibu wote kwa malaria na magonjwa mengine, wachache sana kwa risasi. 1896, Madagaska ikawa koloni. Yaani kiwanda kilichojengwa ili Wafaransa wasiingie kikawa, kupitia urithi wa fundi wake, mlango mmoja wa kuingilia.

Kwenye miaka ya 1930 koloni ikajenga baraji Mantasoa, kupanga maji ya mto kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya bonde na umeme wa chini yake. Ziwa likapanda na kufunika sehemu kubwa ya viwanda vya zamani. Leo watu wa mji mkuu wanaenda pale mwisho wa juma kuogelea na kuvua. Juu ya nchi kavu kumebaki tanuru, nyumba ya Laborde, makaburi.

Nimeandika haya nikiwa Goma, mji ambao hauna hata mto mmoja juu ya lava yake lakini unaongea umeme wa maji kila siku. Baraji ndogo ya Matebe, kwenye mto Rutshuru, ilizinduliwa Desemba 2015 na mbuga ya Virunga, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa kupunguza makala inayotoka porini. Ni kazi nzuri, na karakana za soda na vinu vya unga viliipokea kwa furaha. Lakini pita jioni kwenye parseli yoyote ya Majengo au Ndosho: taa inawaka, na chini ya taa, mbabula inatoa moshi. Sufuria ya maharagi inakaa saa nyingi kwenye moto na mama anajua bei ya gunia kuliko bei ya kilowati. Nani anakata miti ile, kwa malipo gani, na nani anamtoza njiani, mnajua kama mimi. Ukiwauliza wachomaji wa makala kama wanaona umeme wa maji ni wao, sikilizeni jibu bila kuwakatiza.

Kwa wenzangu wa agro, historia na jiolojia, niko na ombi la kazi. Kwenye vilima ambako lava ya Nyiragongo haijafika, Masisi, Walikale, Lubero, Kalehe, wakulima wanapigaga jembe kwenye mawe meusi yenye matundu na kuyatupa pembeni ya shamba. Mengine ni mavi ya chuma, yaani ule uchafu ulioshuka chini ya tanuru la wazee. Hapa Goma macho yetu yamezoea lava, tunaweza kuyapita bila kuyajua. Yashike mkononi: mara nyingi ni mazito kuliko lava ya ukubwa uleule, uso wake una michirizi kama nta iliyotiririka, na pengine kando yake kuko vipande vya bomba la udongo lililoungua, njia ya hewa ya mvukuto. Usichimbe, usibebe. Piga picha ukiweka kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, andika jina la kilima na la mwenye shamba akikubali, na umuulize mzee wa pale jina la mvukuto, la tanuru na la jiwe la chuma kwa Kihunde, Kinyanga, Kinande, Mashi au Kinyarwanda. Muulize pia wahunzi wale walilipwa nini kwa jembe moja: mbuzi, mtama, au siku za kulimiwa shamba. Leteni majibu kwenye mkutano wa chama, tutayaweka pamoja kwenye daftari moja.